Maji ya Jua Walthamstow

Mwezi uliopita kijana mmoja alibisha hodi mlangoni kwangu, suti imembana, karatasi za rangi mkononi, akanieleza taratibu, kama mtu anavyozungumza na mgonjwa, kwamba siku hizi jua linaweza kutumika nyumbani. Akasema ni mambo mapya. Akanionyesha picha za mapaa yenye paneli nyeusi na familia yenye meno mazuri imesimama chini yake. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia kuwa juu ya paa la jiko langu jua lilikuwa likipasha maji moto kabla mama yake hajazaliwa, nikafunga mlango. Watoto wangu wanasema nina hasira za karibu. Ninazo. Nilizileta kutoka Mombasa pamoja na sufuria zangu, na zimedumu kuliko sufuria.

Kijana mwenyewe hakunikosea kitu. Kinachonikera ni kwamba kila nikiziona paneli hizo, na sasa mtaa mzima unazo, nakumbuka mwaka ule niliponusurika kunyang'anywa mama mkwe wangu kwa sababu ya maji ya moto.

Tulikuja Uingereza miaka ile ambayo sisi Wahindi wa Afrika Mashariki tulikuwa tukishuka uwanja wa ndege kwa makundi, na magazeti ya hapa yakituandika kama vile mto umevunja kingo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Mume wangu alizaliwa Wete, Pemba, na familia yake ilihamia Mombasa baada ya mambo ya visiwani kuharibika. Pasipoti zetu zilikuwa za Mwingereza mwenyewe, lakini afisa wa pale mezani aliigeuzageuza yangu kana kwamba niliichora jikoni. Akaniuliza tutakaa muda gani. Nikamwambia nyinyi Pwani mlikaa muda gani? Mume wangu akanikanyaga mguu.

Mombasa mume wangu alikuwa fundi wa mafriji. Watu walimletea friji lililokufa, akalifungua, akalitia lehemu hapa na pale, likaanza kunguruma tena. London alipata kazi kwenye ghala la Edmonton, kubeba maboksi. Mengi ya maboksi hayo yalikuwa na friji ndani. Fundi wa friji anabeba friji na haruhusiwi kulifungua, na anaambiwa ashukuru! Mimi niliyekuwa karani wa ofisi ya bandari nikawekwa kiwandani kupanga biskuti kwenye makopo. Msimamizi alinionyesha kwa vidole namna ya kuhesabu mpaka kumi na mbili.

Nyumba yetu ilikuwa Walthamstow, kwenye safu ya nyumba zilizobanana, hatua chache kutoka ule mtaa mrefu wa soko. Bafu lilikuwa nyuma, limeunganishwa na jiko, na juu yake paa tambarare. Maji ya moto yalitoka kwenye dude la gesi lililoning'inia ukutani juu ya beseni. Ukitaka kuoga unaliwasha kwa kiberiti, linakaa kimya likifikiri, halafu linaripuka kwa ndani, *bumu*, na moto wa buluu unatokeza. Mpaka leo sijui kwa nini watu waliotawala nusu ya dunia walikubali kuoga chini ya kitu kile.

Mama mkwe wangu alikuja kwetu majani yalipoanza kuanguka, baada ya mumewe kufariki Mombasa. Kwa desturi yetu mama mjane hukaa kwa mwanawe mkubwa, na mwana mkubwa alikuwepo, Leicester, na nyumba yake ilikuwa na mitambo ya joto kila chumba. Lakini shemeji yangu huyo alisema kwa simu kwamba kwao pamejaa, wakwe wa upande wa mkewe wamefika, na kwamba Mama angefurahia zaidi London. Mama hakuwa amewahi kuiona London wala Leicester. Sikubishana. Nilifurahi, na nitasema kwa nini.

Mume wangu na ndugu zake walikuwa wakizungumza Kihindi chetu cha nyumbani, kile kilichochanganyika na kila bandari. Mimi nilikielewa, lakini lugha niliyochezea, niliyogombana kwayo na kuimbiwa kwayo, ni Kiswahili. Mama alikuwa hivyo hivyo. Alizaliwa Wete, kwenye chuo cha Kurani alikaa mkeka mmoja na wasichana wa Kipemba, na Kiswahili chake kilinipiga chenga mara kwa mara, nikabaki nacheka na kuuliza maana. Kabla hajaja nilikuwa nazungumza Kiswahili na sufuria. Alipokuja nilipata mtu wa kusengenya naye. Jioni, narudi kutoka kiwandani miguu imevimba, namkuta kwenye kiti cha karibu na dirisha amekwisha kutunza kichwani habari zote za mtaa, nani kapita, nani kapigana na mkewe, paka wa nani ni mwizi. Mtu akiniuliza nyumba yangu London ilianza kuwa nyumba lini, nitamwambia ni siku ile Mama alipovua viatu mlangoni.

Kisha baridi ikaingia sawasawa, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Mama alikuwa mtu wa sala tano, na kila sala na udhu wake. Alfajiri na magharibi na isha nilikuwepo, nikichemsha birika na kumchanganyia maji kwenye ndoo. Adhuhuri na alasiri alikuwa peke yake. Dude la gesi alijaribu mara moja. Liliporipuka alitoka bafuni na sabuni mwilini, akajifunga shuka, akaapa kuwa hatagusa tena mtambo wa shetani. Nilimwachia chupa kubwa ya chai imejaa maji ya moto, nikamwambia, Mama, haya ni ya udhu wako. Nikirudi jioni nakuta chupa imejaa vile vile, na yeye anamimina maji hayo kwenye kikombe changu, anatia majani na sukari. Anasema nimetoka kazini, nina haki ya chai. Yeye ametawadha bombani.

Maji ya bomba la London wakati wa baridi si maji, ni kisu. Ngozi ya vidole vyake ilianza kukauka, kisha ikapasuka, kisha mipasuko ikawa haifungi. Nilimpaka mafuta ya nazi, nilimpaka mafuta ya dukani, nilimfunga vitambaa. Anavifungua ili atawadhe. Nikikunja msala wake nilikuwa naona alama ndogo nyekundu pale anapoweka viganja akisujudu. Nilizifua alama zile usiku, nikiwa na hasira zisizo na mwenyewe, maana ukimkasirikia bibi anayesali utakuwa mtu gani?

Nilimpigia simu shemeji yangu Leicester. Sikumwomba amchukue Mama, Mungu apishe mbali. Nilimwomba aje amwone, aongee naye, amwambie atumie maji ya chupa, maana maneno ya mwana mkubwa yana uzito wake. Alinisikiliza, nikamsikia anatafuna kitu. Akasema, "Atazoea. Sote tumezoea." Kisha akauliza bei ya samaki wetu wa kwenye barafu sokoni Walthamstow.

Aliyelibeba jambo lile ni mume wangu. Yeye si mtu wa maneno. Siku moja nilimwona ameshika mkono wa mama yake na kuugeuza, upande huu na upande huu, kama anavyotazama bomba linalovuja. Jumamosi iliyofuata alirudi na redieta la chuma, lile la kupashia chumba joto, alilolipata kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa. Lilikuwa na kutu na lilivunja maua ya jirani likipitishwa uani. Nikamuuliza ni la nini. Akasema, "La Mama." Zaidi ya hapo hakusema.

Kazi ilichukua wikendi zake zote za mwisho wa baridi. Alilisugua redieta, akalipaka rangi nyeusi ya jiko, akalitengenezea sanduku la mbao, chini akatandika magunia na magazeti ya zamani, juu kioo. Magazeti yale yalikuwa yametuandika sisi, kwa hiyo nilifurahi kuona yanapata kazi ya halali. Alivuta mabomba ya shaba kutoka paani mpaka kwenye tangi dogo alilolifunga blanketi, na kutoka tangini mpaka kwenye bomba jipya lililo chini, kimo cha mama mtu mzima akiwa amekaa kwenye kibao. Maji ya baridi yanaingia chini, yakipata joto yanapanda yenyewe, bila pampu wala gesi wala kiberiti. Alinieleza huku akichora kwa kidole kwenye unga nilioumwaga kwa ajili ya chapati.

Mara ya kwanza hayakupata joto hata kidogo. Mume wangu alikuwa amelilaza sanduku chali kabisa juu ya paa, likitazama mbinguni, kwa sababu sote tulikotoka jua la mchana linakaa utosini. Siku mbili alipanda ngazi, akagusa kioo, akashuka akitikisa kichwa. Siku ya tatu, adhuhuri, alisimama uani akatazama kivuli chake. Kilikuwa kirefu kumpita mwenyewe. Alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka namna ile tangu Mombasa. Jua la London halipandi, linatambaa pembeni kama mtu anayekwepa wadai. Akaliinua sanduku kwa matofali mpaka likakaribia kusimama, likitazama kusini.

Mimi, wakati huo wote, nilikuwa nikijiandaa kwa vita na jirani. Alikuwa mjane wa Kiingereza, mkali wa macho, mwenye maua yaliyovunjwa. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno yangu yote ya Kiingereza, pamoja na ya kuhusu maua, pamoja na ya kuhusu haki za mtu kwenye paa lake. Alipogonga mlango nilitoka nimejifunga kanga kiunoni. Akauliza lile sanduku ni la nini. Nikamwambia. Akafikiri, akasema ana madirisha mawili ya zamani bandani na vioo vyake ni vizima, kama bwana anavihitaji. Akasema pia tuyatoe maji sandukuni ikiingia jioni, maana usiku yakiganda mabomba yatapasuka. Hapo hapo vita yangu ikafa, na ninakiri nilijisikia kama mtu aliyevaa vizuri akakuta harusi imeahirishwa. Sikujua kwamba vita inakuja, na kwamba inakuja na watu wangu.

Siku ya kwanza maji yalipotoka ya uvuguvugu, mimi nilikuwa kiwandani. Nilipoingia jioni Mama hakuwa dirishani. Alikuwa amekaa kitandani kwake, viganja juu ya mapaja, anavitazama. Akaniambia, "Mwanangu, leo nimetawadha mpaka nikasahau." Nikamuuliza amesahau nini. Akasema amesahau kama yuko wapi. Nilitoka nikaenda kulia jikoni, nikamwambia mume wangu ni vitunguu.

Si kila siku. Siku za mawingu maji yalibaki maji. Lakini mwaka ule Machi na Aprili zilikuja na anga safi na upepo wa kukata masikio, na sanduku lile nyuma ya kioo halikujua habari za upepo. Mipasuko ya mikono ya Mama ilianza kufunga. Kwanza kwenye viganja, kisha kwenye viungo vya vidole.

Ndipo tukasoma khitma, kisomo cha kumwombea marehemu baba mkwe. Walikuja watu wa kwetu kutoka kila pembe ya London, wanaume sebuleni, wanawake juu na jikoni, biriani kwenye sufuria la kuazima. Alasiri ilipofika wanawake wakapanga foleni bafuni. Wa kwanza akatoka anashangaa, akasema maji ya hapa matamu, mmelipia nini? Mama, masikini, kwa kujivuna kwa mwanawe, akawaeleza kila kitu, redieta, kioo, matofali, jua.

Katika wale wanawake alikuwemo mke wa mwalimu aliyekuwa akitusalishia Ijumaa kwenye ukumbi wa kukodi. Alikuwa amekwisha kutawadha. Alisimama, mikono inamtiririka, akasema bila kupaza sauti, "Kumbe maji ya jua? Si makuruhu haya?" Akarudi bafuni, akafungua bomba la zamani, akatawadha upya kwa maji ya baridi. Wengine wakatazamana. Halafu mmoja mmoja wakamfuata.

Asiyesoma vyuo vyetu nitamweleza. Kila mtoto wa Pwani anayefundishwa dini kwa madhehebu yetu huanza na maji. Kuna maji safi yanayosafisha, kuna maji safi yasiyosafisha, kuna maji najisi, na kuna maji ambayo yanafaa lakini yanachukiza kutumika mwilini, nayo ni yale yaliyopashwa na jua kwenye chombo cha madini. Tukiwa wadogo tuliambiwa yanaleta mbalanga, mabaka meupe ya ngozi. Nyumbani kwetu Mombasa debe likiachwa uani mchana, bibi yangu aliyamwaga maji yake mnazini kuliko mtu ayaoge. Kwa hiyo mke wa mwalimu hakuyatoa hewani. Hata mimi, nisiwadanganye, lilinishtua. Ilinishtua kwamba katika miezi yote ile, sisi watatu, tuliosoma vyuo vile vile, hakuna aliyelikumbuka. Nadhani mikono ya Mama ilikuwa imetujaa machoni.

Maneno yalisafiri kwenda Leicester haraka kuliko treni. Shemeji alipiga simu, akamtaka ndugu yake, na mimi nilisimama karibu nikisikia sauti ikivuma ndani ya simu kama nzi chupani. Alisema watu wanamwambia mama yake anasalishwa kwa maji makuruhu. Alisema ni aibu, mbele ya mke wa mwalimu, na kwenye khitma ya Baba. Alisema kama mdogo wake hana uwezo wa kumtunza Mama, yeye yuko, nyumba yake ina nafasi. Atakuja Jumapili kumchukua.

Nyumba yake ina nafasi! Iliyokuwa imejaa wakwe!

Mume wangu aliweka simu, akasema, "Ni kaka yangu." Kana kwamba nilikuwa nimeuliza. Nilisema mengi usiku ule, na mengine siwezi kuyaandika maana wajukuu wanasoma. Kesho yake nilimkuta mume wangu uani, ngazi imeegemezwa, spana mkononi. Nikamwambia akigusa skrubu moja ya sanduku lile nami naondoka na Mama, tutakaa stesheni ya Walthamstow kwenye benchi, wapite watu watuone. Akashusha spana. Lakini ngazi hakuiondoa.

Lililonikata maini ni Mama. Alirudi bombani. Hakuna aliyemwambia, alirudi mwenyewe, kimya kimya, na chupa ya chai ikaanza kunisubiri tena jioni. Nilimkamata mikono, nikaona ile mipasuko mipya, midogo, kama mtu aliyechanjwa kwa wembe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Sitaki mwanangu asemwe." Nikamuuliza kama anataka kwenda Leicester. Akasema kuwa yeye tangu aolewe hajawahi kuulizwa anataka kwenda wapi, ameambiwa tu funga mizigo, Wete akaambiwa, Mombasa akaambiwa, na kwa hiyo hana jibu la haraka. Nilikasirika hata naye siku ile. Nilitaka apige kelele. Nilitaka mtu mmoja katika ukoo ule apige kelele zaidi yangu.

Shemeji alikuja Jumapili na sanduku kubwa la nguo, tupu, la kutilia vitu vya Mama. Aliliweka katikati ya sebule na hakuvua koti. Alikuwa mtu mzuri wa sura, mwenye duka la vitambaa, aliyezoea kusikilizwa. Nilimpa chai. Alizungumza na ndugu yake kwa Kihindi, na kwa sababu Mama alikuwepo akageukia Kiswahili, Kiswahili cha heshima chenye Kiingereza cha dukani ndani yake.

"Mama, mimi sisemi mdogo wangu ana nia mbaya," alisema. "Lakini dini haina experiment. Maji yaliyopashwa na jua kwenye chuma ni makuruhu, mtoto wa chuoni anajua. Kwangu kuna boiler, kila kitu proper."

Mume wangu alikuwa anatazama zulia. Nilijua hatajibu. Kwao mdogo hamjibu mkubwa mbele ya mama, na mke wa mdogo ndiyo kabisa. Nilikuwa nimekwisha kukaa wiki nzima na jambo moja kichwani, ambalo lilinijia nikiwa napanga biskuti, nikirudia masomo ya chuoni kwa sauti ya utotoni, na nilikuwa nimejiahidi nitaliacha wanaume walikumbuke wenyewe. Hawakulikumbuka. Au nilidhani hawakulikumbuka.

"Bhai," nikasema, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "malizia somo. Tulifundishwa masharti. Chombo cha madini, ndiyo. Kutumika mwilini, ndiyo. La kwanza kabisa lilikuwa lipi?"

Akachukua kijiko cha chai.

"Nchi ya joto," nikasema. "Maji yawe yamepashwa na jua katika nchi ya joto. Bhai, umekaa na koti ndani ya nyumba yangu mwezi wa Aprili. Hii ni nchi ya joto?"

Nilitegemea astuke. Nilitegemea aseme, subhanallah, nilisahau. Alikoroga chai yake ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa, akasema taratibu, "Najua."

"Unajua?"

"Najua hilo sharti. Na mwalimu anajua, nilimuuliza. Lakini watu hawajui, na watu ndio wanaosema."

Nimekasirishwa na mengi katika maisha yangu. Nimekasirishwa na afisa wa uwanja wa ndege na msimamizi aliyenifundisha kuhesabu, nimetemewa mate kwenye basi. Hakuna kilichowahi kunichoma kama neno lile moja, najua, lililosemwa na mtu mwenye sanduku tupu miguuni. Wale wengine walikuwa hawatujui. Huyu alikuwa anajua, aliuliza, akajibiwa kuwa maji hayana tatizo, na bado akapanda gari kuja kumng'oa mama yake ili mke wa fulani asimzungumze. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya kutosha mpaka isha.

Mama akainuka. Akasema wakati wa alasiri umeingia, na anayetaka kubishana abishane akiwa na udhu.

Alipita jikoni, akaingia bafuni, na mlango akauacha wazi. Sote tulisikia bomba lipi limefunguliwa, maana lile la mume wangu lilikuwa na mlio wake, linakohoa kwanza kabla ya kutoa maji. Alikaa kwenye kibao chake. Aliosha viganja, akasukutua, akaosha uso, mikono mpaka viwikoni, hana haraka, maji yanatoa mvuke mwembamba kwenye lile bafu baridi. Alipomaliza alitoka, akasimama pembeni kumpisha mwanawe mkubwa.

Shemeji aliingia. Nilimsikia anasita. Kisha nikasikia bomba la zamani. Sijui kama ni ukaidi au kama ni aibu, labda aliona akishatumia lile jingine ndiyo amekwisha kushindwa. Alitawadha haraka haraka akivuta pumzi kwa meno. Alitoka vidole vimemkakamaa na wekundu umempanda mpaka kwenye vifundo, anavikunja na kuvikunjua.

Mama alimchukua mikono. Aliiweka katikati ya viganja vyake ambavyo vilikuwa bado na joto, akaisugua, kama anavyofanyiwa mtoto aliyetoka nje. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la vyombo, na sitaficha, nilichukia kumwona anampasha joto.

"Baridi?" akamuuliza.

"Kidogo."

"Maji hayo nimetawadhia tangu nimekuja, mchana na alasiri, mpaka mikono ikapasuka, na mke wa mdogo wako huyu akakupigia simu. Ukasema nitazoea." Aliendelea kumsugua, sauti haikubadilika. "Yalipokuwa yananiumiza hukuja, baba. Yalipopata moto ndipo umekuja na sanduku."

Shemeji alisali mbele yetu, kisha akanywa chai iliyopoa, akaaga. Sanduku lilirudi Leicester tupu. Mimi ndiye niliyelibeba mpaka garini, na nililitupa nyuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.